Kukaa katika hoteli ndogo ya ajabu ufukweni: namna ya kuchagua chumba na kukifaidi

Kuna hoteli za pwani zilizojengwa kwa kufuata ndoto ya mwenyewe. Vyumba ni vichache, mara nyingi havifiki hata ishirini, na kila kimoja kina sura yake: kimoja kimekaa juu ya mti, kingine kitanda chake ni mashua kuukuu, cha tatu hakina ukuta kabisa upande wa bahari. Utamu wake uko hapo, na wageni wengi hukosea hapo hapo. Katika hoteli kubwa vyumba hufanana, ukiona kimoja umeviona vyote. Hapa mgeni mmoja ataondoka akiwa amelala usingizi wa peponi na jirani yake ataondoka na macho mekundu, na wote wawili wamekaa hoteli ile ile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujatoa pesa.

Kuzisoma picha

Picha za tangazo hupigwa kwa lenzi pana inayokifanya chumba kionekane kikubwa. Tumia kitanda kama rula. Kitanda kikubwa cha watu wawili huwa na upana wa karibu sentimita 180. Angalia kati ya kitanda na ukuta pangeingia vitanda vingapi kama hicho. Pasipoingia hata nusu kila upande, sanduku lako litakaa njiani.

Kisha tafuta vitu vilivyoachwa nje ya picha. Bafu limepigwa picha mara tano lakini mlango wake hauonekani? Huenda halina mlango, na choo kimetenganishwa na kitanda kwa pazia tu. Kwa wapenzi wawili huenda si tatizo, ila kwa ndugu, marafiki au mzazi na kijana wake ni shida kubwa. Ngazi za nyumba ya mtini zina vishikizo? Roshani ina kizuizi? Mtoto wa miaka mitatu hapaswi kulazwa katika chumba chenye ngazi wazi, hata mkisema mtamwangalia, kwa sababu huamka kabla yenu.

Fungua picha za setilaiti za eneo lile. Zitakuonyesha mambo ambayo tangazo haliwezi kuyasema: kiwanja cha ujenzi jirani, baa kubwa upande wa pili wa uzio, barabara ya mwisho kama ni ya mchanga, na umbali wa kweli hadi majini. Ukiona mstari mweupe wa mawimbi uko mbali na ufuo, na kati yake maji ya rangi ya kijani hafifu yenye madoa, hapo pana mwamba wa matumbawe na bahari yake ni ya kina kifupi. Hilo lina faida na hasara zake, kama tutakavyoona.

Katika maoni ya wageni, yaache ya sifa tupu na ya hasira tupu. Soma ya katikati, hasa ya watu waliokaa mwezi ule ule unaotaka kwenda wewe, maana pwani ya tropiki hugeuka kabisa kati ya msimu wa mvua na wa kiangazi. Neno likijirudia kwa watu watatu wasiojuana, iwe ni "muziki", "ngazi", "mbu" au "maji ya moto", lichukue kuwa ni kweli.

Maswali ya kuiuliza hoteli kwa maandishi

Andika ujumbe mmoja, uwe mfupi, na utaje chumba kwa jina au namba yake. Unaweza kuunakili huu:

"Habari. Nataka Chumba (jina), tarehe fulani hadi fulani. Naomba kujua: (1) Kuta na madirisha yanafungika kabisa, na mlango una kufuli? (2) Kuna kiyoyozi au feni, na vinafanya kazi usiku kucha? (3) Chandarua kinazunguka kitanda chote hadi chini? (4) Maji ya moto yanatoka wapi, na tangi ni la lita ngapi? (5) Umeme ni wa gridi, sola au jenereta, na jenereta iko umbali gani na chumba? (6) Nikija kwa wakati wa maji kupwa, naweza kuogelea mbele ya hoteli? (7) Kuna ujenzi wowote unaoendelea tarehe hizo? (8) Mkikihitaji chumba hiki kwa sababu yoyote, mtanihamishia wapi?"

Swali la nane lina uzito kuliko linavyoonekana. Masharti mengi yana maneno kama "au chumba kingine kinacholingana". Mahali ambapo hakuna vyumba viwili vinavyolingana, maneno hayo yanaweza kukutoa juu ya mti na kukuweka nyuma ya jiko. Omba jina la chumba liandikwe kwenye uthibitisho. Uliza pia dhoruba ikifunga barabara au bahari, unarudishiwa pesa au unapewa tarehe nyingine.

Namna wanavyojibu nayo ni habari. Hoteli inayojibu kila swali, hata yale yenye jibu baya, ("kuta hazifungiki, lakini tuna sanduku la kufuli") kwa kawaida huwajali wageni wake hata wakishafika. Ile inayojibu kwamba kila kitu ni kizuri sana haijajibu kitu.

Jambo jingine: usilipie siku nyingi kwa pupa katika chumba cha ajabu mno. Siku tatu au nne zinatosha kukifaidi. Ukitaka kukaa wiki nzima, gawanya: siku za mwanzo katika chumba cha vituko, zinazobaki katika chumba chenye kuta nne na meza.

Upepo, joto na usingizi

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, kwa hiyo upepo huvuma kutoka baharini. Usiku nchi kavu hupoa, upepo hutulia au hugeuka. Ndiyo maana chumba kilichokuwa na baridi tamu saa 9 alasiri kinaweza kuwa tanuri saa 5 usiku. Ukikagua chumba mchana, usiamini upepo wa saa ile; tafuta madirisha mawili yanayotazamana ili hewa ipite, na feni.

Chumba cha mstari wa mbele kinachopokea upepo moja kwa moja kina mbu wachache, maana mbu ni mrukaji dhaifu. Malipo yake ni kelele za mawimbi, mapazia yanayopigapiga usiku, na chumvi inayonata juu ya kila kitu. Cha nyuma, kati ya miti, ni kimya na chenye kivuli ila hewa imesimama. Mwenye usingizi mwepesi achague cha nyuma na adai feni nzuri. Anayesumbuliwa na joto achague cha mbele.

Chumba kisicho na ukuta hakiwezi kupozwa kwa kiyoyozi, hata tangazo likisema kipo. Baadhi ya hoteli hupoza kitanda peke yake kwa kukizungushia pazia zito, na mbinu hiyo hufanya kazi vizuri. Kwenye chumba kinachofungika, weka nyuzi joto 25 au 26. Ukishusha hadi 18, vioo na sakafu vitatoa jasho kila mlango unapofunguliwa, na vigae vyenye maji huangusha watu.

Sasa chandarua. Kishushe kabla jua halijazama. Karibu na ikweta jua huzama karibu saa 12 jioni mwaka mzima na giza huingia haraka, ndani ya nusu saa hivi. Kagua ndani kwa tochi, uue mbu aliyebaki, kisha chomeka pindo lote chini ya godoro. Kikiwa kifupi na kinaning'inia juu ya sakafu, hakikusaidii. Kikiwa chembamba kiasi cha kugusa mkono wako uliolala, mbu atauma kupitia tundu zake. Vitanda vya duara na vile vinavyoning'inia kwa kamba ndivyo hasa hukosa chandarua kinachotosha, kwa sababu vyandarua hushonwa kwa vitanda vya pembe nne. Kama umechagua kitanda cha namna hiyo, swali la tatu la ujumbe wako lifuatilie mpaka upate picha. Tundu dogo lizibe kwa uzi au kwa kipande cha plasta ya kidonda. Feni iliyo nje ya chandarua hupoteza nguvu nyingi inapopita kwenye kitambaa, hivyo isogeze karibu kabisa au uombe ndogo ya kuweka ndani.

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Wa dengi huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua peke yake hakitoshi. Tumia dawa ya kupaka yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, au ikaridini ya asilimia 20. Losheni ya jua ipakwe kwanza, ikauke, kisha dawa ya mbu juu yake. Na kabla ya kusafiri muulize daktari kuhusu dawa za kinga ya malaria kwa eneo unalokwenda, kwani nyingine huanzwa wiki moja au zaidi kabla.

Dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe chini ya paa la makuti au nyasi, wala mshumaa. Paa la namna hiyo likishika moto halikupi muda wa kukusanya vitu. Ukifika, tazama kizima moto kiko wapi na njia ya pili ya kutokea ni ipi. Katika nyumba ya mtini yenye ngazi moja, hili ni swali la kuuliza kwa mdomo mzima.

Maji ya kuoga na umeme

Beseni la kuogea lililowekwa nje chini ya nyota huuza vyumba vingi, na mara nyingi huishia kuwa na maji ya uvuguvugu. Sababu ni hesabu. Beseni la watu wawili humeza lita 200 hivi. Hita ya lita 50 yenye maji ya nyuzi 60, ukichanganya na maji ya bomba ya nyuzi 25 ili upate nyuzi 38, inakupa takriban lita 135, na kwa vitendo hupungua kwa sababu maji baridi huingia kwenye tangi unapotumia. Kwa hiyo jaza beseni theluthi mbili, au ulijaze nusu, usubiri hita ipashe tena, kisha umalizie. Hita ya sola huwa na maji moto zaidi alasiri na jioni. Anayeoga alfajiri asitegemee mengi.

Bomba likitoa maji yenye chumvi kidogo, usishangae: visima vya pwani mara nyingi huingiliwa na maji ya bahari. Ni ya kuogea tu, sabuni haitoi povu vizuri. Ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemka, yaani yaliyotokota kwa nguvu dakika moja. Mswakie hayo hayo.

Choo kikiwa na ndoo ndogo yenye mfuniko pembeni, karatasi zinawekwa humo. Tangi la maji taka la hoteli ndogo huziba upesi, na likiziba wiki ya wageni wengi, vyumba vyote huathirika.

Kwenye umeme wa sola, jua kinachokula nguvu. Feni hutumia wati 30 hadi 75, chaja ya simu wati 20 au pungufu. Birika la umeme ni wati 2,000 hivi, na mashine ya kukaushia nywele hukaribia hapo. Kuwasha birika moja ni sawa na kuwasha feni thelathini kwa wakati mmoja, na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri za sola utumike chumbani) ikizidiwa hujizima, huenda ikazima na chumba cha jirani. Chaji simu na betri mchana, wakati jua linalisha mfumo. Soma maandishi madogo kwenye chaja: ikiandikwa 100–240V itafanya kazi popote kwa adapta ya plagi tu.

Bahari ina saa zake

Mgeni anayeijua saa ya maji hupata likizo tofauti kabisa na asiyeijua. Kwenye pwani nyingi bahari hujaa mara mbili kwa siku, kukiwa na kama saa 12 na dakika 25 kati ya kujaa na kujaa. Matokeo yake, kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Yakijaa leo saa 4 asubuhi, kesho yatajaa karibu saa 5 kasorobo. Baada ya wiki, saa ile ile uliyokuwa ukiogelea utakuta mchanga na mwani. Ziko pwani zinazojaa mara moja tu kwa siku, na nyingine, kama sehemu nyingi za Bahari ya Karibi, tofauti haifiki nusu mita. Lakini mahali ambapo tofauti ni mita tatu au nne na kuna mwamba wa kina kifupi, kuogelea hufaa takriban saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baada yake. Saa nyingine ni za kutembea.

Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huja bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, na tofauti hupungua. Kwa pwani moja, bamvu hujaa karibu saa zile zile kila linaporudi, kwa hiyo waulize wenyeji wa hoteli bamvu lao hujaa saa ngapi, kisha chagua tarehe kwa kutazama kalenda ya mwezi. Kupwa kwa bamvu ni wakati mzuri wa kutembea hadi kwenye mwamba, ila rudi mapema. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja: katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta sehemu moja kati ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja. Nusu ya maji yote huja ndani ya saa hizo mbili za kati, na aliyechelewa kwenye mwamba hukatiwa njia. Anza kurudi maji yanapoacha kupwa.

Vaa viatu vya majini vyenye soli ngumu kwa sababu ya matumbawe na wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi. Buruta miguu unapotembea kwenye mchanga ndani ya maji, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asikie na aondoke, ukimkanyaga atakuchoma. Akikuchoma, zamisha mguu katika maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 au zaidi, yakipimwa kwanza kwa mkono wa mtu asiyeumia, halafu uende hospitali. Mchubuko wa tumbawe usafishe siku ile ile kwa maji safi na sabuni, utoe vipande vyote, maana vidonda vya pwani yenye joto huoza upesi. Kuhusu yavuyavu, wale viumbe laini wanaoelea na kuwasha, waulize wahudumu ni wa aina gani katika msimu huo, kwani matibabu hutofautiana.

Panapokosekana mwamba wa kuzuia mawimbi, chunguza dakika kumi kabla ya kuingia. Sehemu ambayo mawimbi hayapasuki, yenye maji meusi kidogo na povu linaloelekea nje, ni mkondo unaovuta kuelekea bahari kuu, ingawa kwa macho ndiyo inayoonekana shwari zaidi. Ukikubeba, usishindane nao. Elea, inua mkono, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mvuto.

Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri. Losheni ya jua yenye kinga (SPF) ya 30 au zaidi ipakwe robo saa kabla, irudiwe kila saa mbili na kila utokapo majini. Soma viambato: Hawaii na Palau zimepiga marufuku uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe. Zenye oksidi ya zinki ni chaguo bora, na shati la mikono mirefu la kuogelea ni bora zaidi.

Dakika ishirini za kwanza

Fika mchana. Njia ya mwisho kwenda hoteli hizi mara nyingi ni ya mchanga au ya boti, na boti nyingine hazifiki maji yakiwa yamekupwa. Begi laini la mgongoni litakufaa kuliko sanduku la magurudumu.

Kabla ya kufungua begi, fungulia maji ya moto, washa feni kila kasi, funga na kufungua kufuli, shusha chandarua, lala kitandani dakika mbili ukiwa kimya. Sikiliza jenereta, friji, pampu. Malalamiko ya saa hiyo ni rahisi kusaidiwa, chumba kingine huenda bado ni kitupu. Ya saa 4 usiku husubiri kesho.

Mjusi ukutani mwache, anakula mbu. Chakula kisilale chumbani kama si ndani ya chombo kinachofungwa, kwa sababu ya sisimizi na, penye miti, nyani. Chini ya paa la makuti, funika begi, kwani vumbi na vinyesi vya popo huanguka. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Kamera iliyokuwa kwenye kiyoyozi itoe nje ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa na uiache nusu saa, la sivyo lenzi itajaa ukungu. Kitanda cha bembea kisifungwe chini ya mnazi wenye nazi, na ukilala humo jilaze kimshazari ili mgongo unyooke.

Penye kasa wanaotaga, zima taa za roshani na funga pazia usiku: watoto wa kasa hufuata mwanga, na taa yako inaweza kuwapeleka mbali na maji.

Lipa bili jioni ya kuamkia siku ya kuondoka, kwa sababu mashine ya kadi hutegemea mtandao na mtandao wa pwani hukatika asubuhi ile ile unayoharakia boti. Fedha taslimu kidogo ziwepo za akiba. Nguo na viatu vya bahari visuuze kwa maji baridi na uvianike jana yake, vikifungwa vibichi vitanuka ukungu kabla hujafika. Na makombe makubwa na matumbawe yaache yalipo: matumbawe magumu na baadhi ya makombe, yakiwemo ya kombe kubwa sana wa kwenye miamba, yanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na forodha wanaweza kukunyang'anya na kukutoza faini.